Mbwa wa ulinzi halelewi ndani ya sanduku

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wasomaji wenzangu, hasa wale wanaojenga nyumba mpya katika vitongoji vya Kampala, Wakiso, Mukono na hapa kwetu Jinja, kuhusu jambo ambalo limezoeleka kiasi kwamba halitushtui tena. Ukuta ukikamilika na geti likipakwa rangi, kinachofuata ni kutafuta mbwa mkubwa: German Shepherd kwa walio wengi, Rottweiler kwa mwenye uwezo zaidi, na siku hizi Boerboel kwa yule anayetaka majirani wajue kwamba ana uwezo. Mbwa huyo hujengewa sanduku la mbao na mabati nyuma ya jiko, hufungiwa humo tangu alfajiri hadi saa tatu usiku, kisha hufunguliwa azunguke uani hadi kuche, naye mwenye nyumba hulala akiamini kwamba amenunua usalama. Ninachotaka kusema ni kwamba mbwa anayelelewa hivyo hamlindi mtu yeyote, na siku atakapong'ata, yaelekea atakayeng'atwa hatakuwa mwizi.

Nilitumikia polisi katika kikosi cha mbwa hadi nilipostaafu, na tangu hapo watu wa mtaani huniita pale mbwa aliyenunuliwa kwa fahari anapoanza kumtisha hata aliyemnunua. Visa ninavyovikuta vinafanana. Bwana mwenye nyumba anarudi kutoka kazini, anapiga honi getini kwake mwenyewe, kisha anakaa ndani ya gari akisubiri kijana wa kazi amrudishe mbwa sandukuni ndipo yeye athubutu kuteremka. Watoto hawatoki nje baada ya saa tatu. Bibi aliyekuja kutoka kijijini kuwasalimia wajukuu anaomba apewe ndoo chumbani, kwa sababu choo kiko uani. Katika nyumba kama hiyo, ni nani anayelindwa, na analindwa dhidi ya nani?

Mzizi wa mambo haya ni imani kwamba ukali ndio ulinzi, na kwamba ukali huo hupatikana kwa kumnyima mbwa watu, mwanga na nafasi ya kutembea. Wapo wanaoongeza pilipili katika chakula chake, wapo wanaomchokoza kwa fimbo kupitia matundu ya sanduku ili azoee kuchukia, na wapo wanaowakataza watoto hata kumwita kwa jina. Kinachopatikana kwa njia hizo ni woga. Mbwa mwoga mwenye kilo 50 hung'ata kwa sababu hajui kinachomjia ni nini, na kwa kuwa hajui, hung'ata chochote: mtoto wa jirani aliyeufuata mpira, fundi wa bomba, au baba mwenye nyumba aliyerudi gizani amevaa koti la mvua. Kazi ya mlinzi ni kutofautisha. Ili mbwa atambue kwamba kishindo fulani ukutani saa nane za usiku si cha kawaida, sharti kwanza aijue kawaida ya nyumba ile: mlio wa gari la baba, mwendo wa mama, muuza maziwa anayefika asubuhi, boda boda anayewaleta watoto kutoka shule. Aliyefungiwa mchana kutwa hajui kawaida yoyote, na kwake kila kitu ni kigeni.

Wasomaji wengi wamewahi kumwona mbwa wa polisi akifuatilia nyayo baada ya wizi kijijini. Mwongozaji ameshika kamba ndefu, mbwa ameinamisha pua, na nyuma yao inafuata halaiki ya watu, wengine wakipiga kelele, watoto wakikimbilia mbele na kurudi. Mbwa hupita katikati ya umati huo pasipo kumgusa mtu, huingia katika ua, huzunguka jiko, na anapofika mwisho wa harufu husimama au kuketi. Utulivu huo haukuja kwa bahati, wala mbwa huyo si mpole kwa maumbile kuliko yule aliyeko kwako. Tofauti ni kwamba yupo mtu mmoja anayemlisha, anayempiga brashi, anayemtembeza, anayemfundisha amri moja baada ya nyingine, na ambaye sauti yake mbwa huitii hata akiwa amepandwa na hasira. Katika maboma mengi ninayoyazungumzia, mtu huyo hayupo. Mwenye mbwa anamwogopa, na kijana wa kazi, ambaye ndiye pekee anayemkaribia, hubadilishwa kila baada ya miezi michache. Kila anayekuja anaanza kwa kumrushia chakula kwa mbali.

Ukiitazama historia ya mbwa hawa utaona kwamba hakuna hata mmoja aliyezalishwa kwa ajili ya sanduku. German Shepherd alianza kusajiliwa Ujerumani mwaka 1899, pale Max von Stephanitz, afisa wa jeshi la wapanda farasi, alipowakusanya mbwa wa wachungaji na kuweka kanuni za uzao wao. Kazi ya mbwa hao ilikuwa kutembea kutwa nzima pembeni mwa kundi la kondoo huku wakimsikiliza mchungaji. Rottweiler amechukua jina la mji wa Rottweil, kusini mwa Ujerumani, ambako aliswaga ng'ombe wa wachinjaji na kuvuta mikokoteni. Boerboel ni wa bara letu. Asili yake ni mbwa wakubwa walioletwa na Waholanzi waliofika Rasi ya Tumaini Jema kuanzia mwaka 1652, wakachanganyika na wengine waliofuata, na kwa vizazi vingi wazao wao wakalinda mashamba ya Afrika Kusini wakiishi mlangoni mwa familia, katikati ya watoto na wafanyakazi. Chama cha kuwasajili kilianzishwa huko mwaka 1983. Dume aliyekomaa huvuka kilo 60 bila shida, na nguvu za taya na shingo yake hazifanani na za mbwa yeyote tuliyemzoea vijijini.

Najua wapo watakaosema kwamba dawa ni kuwapiga marufuku mbwa wa namna hiyo, kama Denmark ilivyofanya mwaka 2010 ilipomkataza Boerboel pamoja na aina nyingine kadhaa. Siungi mkono hatua hiyo kwetu. Mwenye sanduku angebadilisha jina la mbwa tu, na sanduku likabaki palepale. Kuhusu wale wenye manyoya mazito wa milima ya Kaukazi, ambao nao wameanza kuonekana Kampala, sina maneno mengi: mnyama aliyezaliwa kwa ajili ya baridi ya milimani, ambaye hupoza mwili kwa kuhema kwa sababu hatoki jasho kama sisi, kumfungia chini ya bati saa saba za mchana ni ukatili, hata kama bakuli lake lina maji.

Nirudi mwanzo kabisa, yaani siku ya kununua, kwa sababu madhara mengi huanzia hapo. Watoto wa mbwa huuzwa kando ya barabara wakiwa ndani ya boksi au mikononi mwa vijana, macho yakiwa yamefunguka juzi tu, na muuzaji huapa kwamba wana miezi miwili. Mtoto wa mbwa hapaswi kutenganishwa na mama yake kabla ya majuma 8. Katika majuma hayo ndipo anapofundishwa na mama na ndugu zake kwamba ukiuma kwa nguvu mchezo unakwisha, na mbwa aliyelikosa somo hilo hulitafuta baadaye katika mikono ya watoto wako. Anayetaka kununua mbwa mkubwa aende akamwone mama wa mbwa huyo nyumbani anakokaa. Ikiwa mama mwenyewe hawezi kukaribiwa, au muuzaji ana visingizio vya kutomwonyesha, mnunuzi arudi na fedha zake mfukoni.

Kisha kuna kipindi kifupi ambacho ni cha thamani kuliko mafunzo yote yatakayofuata. Kuanzia majuma 3 hadi karibu majuma 14 ya umri wake, ubongo wa mtoto wa mbwa hukubali kwamba anachokiona ni sehemu ya dunia yake. Baada ya hapo, kila kipya hukipokea kwanza kwa mashaka. Ndiyo maana nawasihi wenye watoto wa mbwa wasiwafiche. Tatizo linalokuja, na ni tatizo la kweli, ni kwamba huo ndio umri ambao ugonjwa wa paavo huua sana, na kirusi chake hukaa ardhini kwa miezi mingi mahali alipofia mbwa mwingine. Chanjo yake huanza katika majuma 6 hadi 8 na hurudiwa kila baada ya majuma 3 au 4 mpaka mtoto afikishe majuma 16. Kwa hiyo, kabla chanjo hazijakamilika, usimwachie akanyage barabara na jalala, bali mbebe. Simama naye getini jioni watu wanapopita. Acha amwone mzee mwenye mkongojo, mama aliyebeba ndoo kichwani, wanafunzi waliovaa sare, mtu mwenye mwavuli, mtu mwenye kofia ya pikipiki, Mwislamu aliyevaa kanzu na mwanamke aliyejitanda buibui. Mpe kitu kidogo cha kula kila mmoja anapopita. Robo saa kwa siku inatosha, na haina gharama yoyote, lakini katika maboma yote ninayoitiwa ni nadra kumkuta mtu aliyewahi kuifanya.

Mbwa hawa wakubwa hukua kwa muda mrefu, hadi mwaka mmoja na nusu au zaidi, na mifupa yao haitaki haraka. Kumnenepesha mtoto ili aonekane tishio mapema, kumpa madini ya kalisi kupita kiasi kwa kudhani unaimarisha mifupa, au kumkimbiza nyuma ya pikipiki akiwa na miezi sita, yote hayo huharibu viungo vya nyonga na viwiko. Mbwa mwenye maumivu ya nyonga huwa mkali akiguswa mgongoni, nasi husema amebadilika tabia.

Chakula kinahitaji maelezo marefu kidogo. Wengi wetu huwalisha mbwa posho, yaani ugali wa mahindi, na mukene, wale dagaa wadogo, mara nyingine mapafu ya ng'ombe kutoka machinjioni, na si vibaya ikiwa vimepikwa vizuri na nyama au samaki havikuwekwa kwa ajili ya harufu tu. Ubaya uko katika unga. Katika masoko yetu kuna unga wa mahindi yaliyolowa na kuota kuvu, ambao huuzwa kwa bei ya chini kwa maelezo kwamba ni wa mbwa. Kuvu huyo hutoa sumu ya aflatoksini inayoharibu ini, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo haraka. Mbwa huacha kula, ufizi na macho hugeuka manjano, na mwenye mbwa humshuku jirani kwamba amemtilia sumu. Mahindi ambayo usingempikia mtoto wako usimpikie mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo isitupwe sandukuni kila Jumapili, kwa maana huvunjika vipande vyenye ncha kali.

Mbwa mwenye kifua kikubwa akipewa mlo mmoja mkubwa usiku, kisha akafunguliwa akimbie uani, tumbo lake laweza kujaa hewa na kujipinda. Dalili zake ni hizi: anajaribu kutapika na hakitoki kitu, anatembea huku na huku bila kutulia, tumbo limevimba na limekuwa gumu. Hapo hakuna dawa ya nyumbani. Asipofikishwa kwa daktari wa mifugo kwa upasuaji, atakufa katika muda wa saa chache. Kinga yake haihitaji fedha: ugawe mlo wake mara mbili, asubuhi na jioni, na umwache apumzike baada ya kula. Lakini ratiba ya sanduku, ambayo ni kumlisha saa mbili usiku na kumfungulia saa tatu, imepangwa kana kwamba mtu aliutafuta ugonjwa huu makusudi.

Sanduku lenyewe ni shamba la kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa, tofauti na wale wa ng'ombe wanaokaa malishoni, hupenda kuishi karibu na mbwa anapolala. Jike hushuka, hupanda ukutani na kutaga mayai katika nyufa za mbao na matofali. Mwenye mbwa akimpulizia dawa mbwa na kuliacha sanduku bila dawa, baada ya majuma machache kupe wako palepale, nao hueneza homa ambayo humfanya mbwa awe na ufizi mweupe, akonde na wakati mwingine atokwe damu puani. Asubuhi, mbwa akiwa ametulia, pitisha vidole ndani ya masikio, chini ya ukosi, kwapani na katikati ya vidole vya miguu. Ukaguzi huo pia ndio njia ya kumzoesha mbwa mkubwa kushikwa, ili siku daktari atakapokuja na sindano pasihitajike wanaume wanne na kamba.

Kuhusu uhusiano wa kifungo na kung'ata, sitegemei niliyoyaona mwenyewe peke yake. Utafiti uliofanyika Denver, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1994, uliwalinganisha mbwa waliong'ata watu wasio wa nyumba zao na mbwa wa mitaa hiyohiyo ambao hawakuwa na rekodi ya kung'ata. Mbwa waliofungwa mnyororo uani walikuwa na uwezekano wa karibu mara 3 wa kuwa katika kundi la waliong'ata, na madume ambao hawakuhasiwa nao walionekana zaidi katika kundi hilo. Naomba wanaume wenzangu wanisamehe, lakini kila ninapotaja kuhasi, mwenye mbwa hujikunja kana kwamba ninamzungumzia yeye. Dume asiyetarajiwa kuzalisha ahasiwe na daktari, kwa ganzi, na hatapoteza hata chembe ya uwezo wake wa kulinda.

Siwezi kuandika juu ya mbwa katika nchi hii bila kutaja kichaa cha mbwa. Katika binadamu wanaopata ugonjwa huu duniani, hadi asilimia 99 huambukizwa na mbwa, na dalili zikishajitokeza mwisho wake karibu kila mara ni kifo. Wenye mbwa wakubwa wana desturi ya kudhani kwamba mbwa wao hahitaji chanjo kwa sababu hatoki nje ya ukuta, ilhali mbwa koko huingia chini ya geti, paka hupita juu ya ukuta, na mbwa mwenyewe hutoroka siku geti linapoachwa wazi. Chanjo ya kwanza hutolewa akifikisha miezi 3, ikarudiwa baada ya mwaka, na kuendelea kama cheti kinavyoelekeza. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 bila kupunguza, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, akamilishe dozi zote atakazopangiwa hata kama jeraha limepona. Asipakwe majani, mafuta wala maji ya betri. Naye mbwa aliyeng'ata asiuawe papo hapo na umati, kama anaweza kufungiwa kwa usalama: akiangaliwa kwa siku 10 akabaki mzima, daktari atajua kwamba hakuwa anaambukiza siku aliyong'ata. Tukimuua na kumtupa, tunautupa ushahidi huo pamoja naye.

Ndugu zangu Waislamu, ambao ni sehemu kubwa ya wasomaji wa Kiswahili hapa Jinja, Bombo na Mbale, huniuliza mara kwa mara kama inafaa kumfuga mbwa. Mimi si mwanachuoni, na fatwa si kazi yangu. Ninachokijua ni kwamba hadithi zinazokataza kufuga mbwa bila sababu zimemtoa katika katazo hilo mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda, na kwamba masheikh wengi humlinganisha mbwa wa ulinzi na hao. Ninaloliona katika nyumba za Waislamu wanaofuga ni utaratibu mzuri: mbwa ana uga wake uliozungushiwa wavu, ana vyombo vyake visivyochanganywa na vya nyumbani, na hafiki mahali pa kuswalia. Uga wa namna hiyo, wenye kivuli, maji, sakafu ya saruji inayooshwa na upande ulio wazi anakoweza kuwaona watu wakipita, ndio ninaowashauri hata Wakristo wenzangu.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa mbwa hawatalipenda. Maboma mengi ninayoyatembelea hayahitaji mbwa wa kilo 60. Yanahitaji taa nje, kufuli nzuri, jirani mnayepigiana simu, na mbwa wawili wa kienyeji waliochanjwa. Mbwa wa kienyeji ana usingizi mwepesi, hubweka mapema, hula kidogo, ngozi yake imezoea jua letu, na mwizi anayetaka kuingia kimyakimya humchukia kwa sababu hizohizo. Tunamdharau kwa sababu hakununuliwa kwa fedha nyingi. Huko Gulu, shirika la The BIG FIX Uganda limekuwa likiwakutanisha mbwa wa aina hiyohiyo na watu wanaoishi na majeraha ya nafsi yaliyosababishwa na vita vya Kaskazini mwa Uganda, wakafunzwa pamoja, mtu na mbwa wake. Nawataja kwa sababu ni Waganda waliothibitisha kwamba uwezo wa mbwa hautokani na bei yake.

Anayeamua kumfuga mbwa mkubwa, na mimi si adui wa uamuzi huo, ajue kwamba sheria tayari inamtazama. Kanuni ya Adhabu ya Uganda inamtia hatiani mtu ambaye kwa uzembe hachukui tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokana na mnyama aliye mikononi mwake. Zipo pia sheria ya kichaa cha mbwa na sheria inayokataza ukatili kwa wanyama. Kwa hiyo bango la kuonya juu ya mbwa mkali, ambalo limebandikwa katika nusu ya mageti ya mtaa wetu, halimwondolei mwenye nyumba wajibu. Nadhani linathibitisha tu kwamba alijua. Vifungu hivi, hata hivyo, huamka baada ya mtoto kushonwa nyuzi. Kinachokosekana ni kitu cha mapema, kilicho karibu na watu.

Pendekezo langu ni kwamba halmashauri za miji na wilaya zitumie mfumo wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, ambao tayari unajua nani anakaa wapi. Mwenyekiti wa mtaa awe na daftari la mbwa, na kila mwenye mbwa apeleke nakala ya cheti cha chanjo mara moja kwa mwaka. Kwa mbwa wakubwa wa ulinzi, mwenyekiti au mtu wa ofisi ya mifugo afike aone ukuta, geti na mahali mbwa anapokaa mchana. Anayeuza watoto wa mbwa barabarani atakiwe kuonyesha kadi ya chanjo na umri wao, na asiyekuwa nayo asiruhusiwe kuuza. Ada, kama lazima iwepo, iwe ndogo, kwa sababu ada kubwa itawafanya watu wawafiche mbwa na kuacha kuwachanja, nasi tunahitaji angalau asilimia 70 ya mbwa wote wachanjwe ili ugonjwa ukatike. Najua wenyeviti wetu tayari wamebebeshwa mengi, kuanzia barua za utambulisho hadi magomvi ya mipaka ya viwanja. Lakini mbwa akimng'ata mtu, ni kwa mwenyekiti huyohuyo tunakokimbilia saa nne usiku, na afadhali akute jina la mbwa limeandikwa mahali.

Makampuni ya ulinzi yanayokodisha mbwa yangepaswa kufuata masharti hayohayo, pamoja na sharti moja la ziada: mbwa asibadilishiwe mwongozaji ovyo. Nimemwona askari aliyekabidhiwa kamba jioni ileile aliyokutana na mbwa kwa mara ya kwanza, naye alisimama usiku kucha amenyoosha mkono mbele ili mnyama asimfikie.

Mwisho, Mhariri, nina ombi kwa gazeti lako. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa kila tarehe 28 Septemba, na katika baadhi ya wilaya huandamana na chanjo ya bure, lakini matangazo yake huwafikia wachache, mara nyingi kwa lugha ambazo askari wa geti na kijana wa kazi, ambao ndio wanaoishi na mbwa hao, hawazisomi kwa urahisi. Ofisi za mifugo za wilaya zikikuletea tarehe na mahali pa kuchanjia, tafadhali zichapishe katika ukurasa huu kwa Kiswahili, na usiwasahau watu wa Busia, Malaba na Mutukula, ambako mbwa huvuka mpaka kila siku bila kuulizwa pasipoti.

Wako mwaminifu,
Askari mstaafu wa kikosi cha mbwa,
Jinja